Futa Hapo Singe

Anjela,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nakusikia chumba cha pili unaimba huku unapanga nguo zako sandukuni. Yangu utaijua ukisoma. Ningeweza kugonga ukuta nikakuita, lakini jana tulijaribu kuzungumza kwa midomo, wewe ukaishia kuniita mshamba kwenye meza yangu mwenyewe, mimi nikaishia kukurushia kitambaa cha vyombo. Sasa naandika ili usinikatize.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala usali, wala uangalie mkoba wako stendi. Dar es Salaam kuna watu wengi wa kukuambia hayo. Wala usitegemee kusoma humu kwamba naona fahari juu yako. Fahari ipo, ila kwa leo nimeifungia kabatini.

Nianze na jana. Ulitandaza ratiba yako mezani ukaisoma kwa sauti kubwa, umejaa furaha. Meli inashusha wageni kumi na wawili Tanga. Wenzao wanaendelea na bahari yao, hawa wanapanda magari: usiku wa kwanza Moshi, wa pili Manyara, wa tatu hapa Babati kwenye gesti yangu, kesho yake michoro ya mapangoni Kolo, kisha Dodoma, treni ya usiku, na asubuhi meli inawakuta bandarini Dar. Nilikusikiliza nikitafuta kosa, na niseme ukweli, sikuliona. Umeacha muda wa gari kupata pancha. Umeuliza mapema nani ana vitanda na nani ana maji. Umekumbuka hata kwamba watu wa umri ule hawawezi kukaa garini saa nne mfululizo bila kushuka kujinyoosha. Mimi wakati wangu sikujua hata nusu ya hayo.

Halafu ukasoma: "Siku ya tatu, saa tisa alasiri, kutembelea familia ya asili, Singe."

Nikakuambia, "Futa hapo."

"Nifute kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu. Mimi niko kwenye majaribio ya miezi mitatu, na hii ndiyo ratiba yangu ya kwanza. Bwana Festo mwenyewe ametaka Singe iwemo. Ugomvi wenu wa mpaka wa shamba, wewe na mjomba, mtaumaliza wenyewe. Meli haisubiri ugomvi wa mama."

Kisha ukatoa ile picha kwenye bahasha. "Si mke wa mjomba huyu? Iko kwenye jalada la ofisi, na wameiweka mbele ya kijitabu chao kipya!" Ulicheka kwa furaha, kumwona mtu wa kwenu kwenye karatasi inayong'aa. Hapo ndipo kitambaa kiliporuka.

Anjela, hakuna ugomvi wa mpaka. Hakujawahi kuwa na ugomvi wa mpaka. Shamba la mjomba wako Bura na langu la Singe yanatenganishwa na mkonge uliopandwa na babu yako, na hakuna aliyewahi kuugusa. Huo ni uongo niliokuambia ulipokuja likizo ukiwa kidato cha pili na kuuliza kwa nini mjomba haji tena nyumbani. Nilihitaji jibu la haraka, na mipaka ya mashamba ni jibu ambalo kila mtu hulikubali bila kuuliza mara ya pili.

Picha hiyo nilikuwepo ilipopigwa. Nilikuwa nimesimama kushoto, nje kidogo ya ukingo. Mimi ndiye niliyewapeleka walioipiga.

Unaukumbuka mwaka ule, ingawa wewe ulikuwa bweni. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, shuka za gesti nilikuwa nafulia majani ya mpapai na bado zinanuka. Wageni wa kulala walikuwa wachache, madereva tu na maofisa waliokwama kwa kukosa mafuta. Ndipo akaja huyo Festo wako, kijana wa Dar mwenye soksi nyeupe, akaniambia meli ya kitalii itashusha watu Tanga, na njia yao kwenda Dodoma inapita hapa. Akataka vitanda vinane, chakula, na nyumba moja ya wenyeji ya kuonyesha. Akasema, "Mama Anjela, hawa wakiridhika, jina lako linaingia kwenye ratiba ya kila msimu." Sikulala kwa furaha. Wewe unajua raha ya jina lako kuandikwa kwenye karatasi ya watu wa mbali, maana jana nimekuona nayo usoni.

Nyumba nilitafuta vizuri, sikukosea mwanzoni. Nilikwenda Dareda kwa bibi mmoja mjane, mchangamfu, mwenye nyumba ya udongo ya zamani. Nilikaa naye, nikamweleza, akakubali, akachagua mwenyewe kuku wa kuchinja. Tukapatana Ijumaa.

Meli ikachelewa siku mbili. Bahari ilichafuka, sijui, mimi bahari nimeiona mara moja tu. Festo akaleta simu ya maandishi kupitia posta: kila kitu kisogezwe siku mbili mbele. Nikasogeza. Nilimtumia bibi ujumbe, nikasogeza maziwa, nikasogeza maharage, na sikukaa chini kuhesabu kwamba Ijumaa ukiisogeza siku mbili inakuwa Jumapili. Na Festo naye, anayejua kila kitu, hakuhesabu. Umesahau ile sheria? Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari bila kibali halitembei, kwa ajili ya kuokoa mafuta. Kibali hawakuomba kwa sababu kwenye karatasi yao ya mwanzo Jumapili hawakuwa barabarani.

Walifika hapa saa nane kasoro dakika chache, wamepata pancha mbili Minjingu. Walikula. Waliposimama kwenda Dareda, dereva alikuwa ameshazima gari na kutia ufunguo mfukoni. Festo alimsema, akambembeleza, akamtishia. Dereva akamjibu, "Bwana mdogo, leseni yangu ndiyo inalisha watoto sita. Saa nane imegonga. Labda uendeshe wewe." Yule dereva simjui jina, lakini siku ile alikuwa mtu pekee mwenye akili timamu hapa uani.

Wageni wakaanza kununa. Walikuwa wameahidiwa nyumba, na kesho yake asubuhi lazima waondoke. Festo akanivuta jikoni. "Mama, hakuna nyumba karibu? Ya kwenda kwa miguu?"

Nikasema ipo.

Sasa nisikilize. Wewe umekulia hapa Bagara mjini, metimani unaisikia kwa wazee tu, kwa hiyo nikueleze. Kwetu nyumba ikifiwa kwa namna fulani, kama kupoteza mtoto wa kwanza, inakaa peke yake. Hakuna anayeingia, wao hawaendi kwa watu, moto hawaazimi, maji wanachota mahali pao, ng'ombe wao wanachungwa kando, hata salamu ni za mbali. Siku zikitimia wazee wanawatoa, na maisha yanarudi. Ni kazi ngumu, na ni ya heshima. Theresia, binamu yako uliyemlilia shuleni, alikuwa amezikwa wiki tano tu. Nyumba ya Bura ilikuwa ndani ya siku hizo.

Nilijua. Naomba usinitafutie udhuru hapa. Mimi ni mwanakwaya, nilikuwa nasema waziwazi kwamba haya ni mambo ya kale, Mkristo hayamfungi, mdogo wangu anawaogopa wazee bure. Nilikuwa nikimcheka. Na siku hiyohiyo niliyoyaona ya kishamba, nikayaona pia yanafaa kuonyeshwa watu wa meli kama asili yetu. Jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa kwenye kichwa kimoja bila kugombana mpaka leo sielewi.

Tulitembea saa nzima. Wageni walikuwa wanane, wazee wenye kofia pana, wanapiga picha kila mbuzi. Sina neno nao, hawakujua kitu. Mwanzo wa njia ya kwa Bura palilazwa tawi la miiba. Kila mtu Singe anajua maana yake. Nikachukua fimbo nikalisukuma pembeni ili wageni wasichanike suruali.

Mama Theresia alikuwa amekaa nje, kichwa kimenyolewa, anachambua maharage kwenye ungo. Hakusimama wala hakukimbia. Wale wazee walimzunguka wakitabasamu, kamera zikalia. Mgeni mmoja akauliza kwa nini hanyanyuki, na Festo akajibu pale pale, bila kumeza mate, kwamba ndivyo mwanamke wa huku anavyompa mgeni heshima. Nilimsikia, maana Kiingereza cha namna hiyo nakielewa.

Halafu mama mmoja wa Kizungu, mpole kabisa, akauliza jambo, na Festo akanigeukia: "Anauliza ana watoto wangapi."

Na mimi nikatafsiri. Kwa lugha yetu, kwa mdomo huu, nilimuuliza mwanamke aliyezika mtoto wake wa kwanza wiki tano nyuma kwamba ana watoto wangapi. Aliniangalia mimi, mgeni hakumwangalia.

"Waambie wawili," akasema. "Wewe ulikuwa unajua ni watatu."

Nikamwambia Festo, wawili. Festo akawaambia, wawili, na anawakaribisha sana. Wakapiga makofi. Picha uliyo nayo kwenye bahasha ni ya dakika hiyo. Iangalie tena usiku huu, uone kama bado unaiona nzuri.

Bura akatokea upande wa zizi. Hakuwapigia wageni kelele. Alisimama mbali, kama ilivyompasa, akasema nami.

"Dada, tawi hukuliona?"

"Nililiona."

"Ukalitoa."

"Bura, wageni wana haraka. Meli yao inawasubiri."

"Meli," akasema. Alilirudia hilo neno mara moja tena, akaingia ndani.

Nilikuwa nimembebea mkewe kilo ya sukari, nikaiweka chini karibu na ungo na kuwaongoza watu wangu kurudi. Wiki iliyofuata nilipita barabarani nikaikuta pale walipoitupa, pakiti imepasuka, sisimizi wameijaza. Mwaka ule, Anjela, watu wakinywa uji mtupu.

Wazee walikaa wakasema kwa kuwa watu wameingia, siku zihesabiwe upya. Upya tangu mwanzo. Wiki tano walizokwisha kukaa zikawa si kitu, na juu yake wakaongezewa kwa sababu waliovuka walikuwa wengi na hawajulikani walikotoka. Msimu wa kupalilia ukawapita wakiwa peke yao, jirani hawezi kushika jembe shambani kwao. Mahindi yakamezwa na magugu. Mama Theresia alilima na mgongo wake mbovu ule unaoujua, na ubovu wenyewe ulianzia mwaka huo. Wewe ulikuwa unaandika kutoka shuleni, "Wasalimie kwa mjomba," nami nikawa najibu, "Wanakusalimu."

Na wageni? Walilala kwangu, wakasifu maharage, wakawahi treni, wakawahi meli. Mmoja wao aliniletea kadi ya posta kusema kwamba jioni ya Singe ndiyo ilikuwa bora kuliko yote katika safari yao. Kadi hiyo niliwashia jiko. Bibi wa Dareda alikaa na kuku wake mezani hadi giza likaingia, na kwake pia sikurudi kuomba radhi.

Ulipokuja na habari kwamba umepata kazi, ukataja jina la Festo, nikajua ni yuleyule. Nilipaswa kusema siku hiyo. Nikapika pilau badala yake, nikaita majirani. Kwa hiyo hasira niliyokurushia jana, kubwa yake si yako. Lakini usijipongeze haraka, maana ipo pia ya kwako, na hiyo sikuondolei.

Ya kwako ni hii. Kwenye karatasi yako kuna saa ya mgeni kuamka, saa ya kunywa chai, saa ya kwenda kujisaidia njiani. Umewafikiria watu ambao hujawahi kuwaona mpaka tumbo zao. Kwa mjomba wako, aliyekubeba mabegani mpaka hospitali ulipougua surua, umeandika "familia ya asili" na saa. Jina hakuna. Hukwenda kumuuliza. Singe ni mwendo wa saa moja, umekaa hapa wiki mbili ukinunua viatu, hukufika. Ulidhani ugomvi ni wa mpaka, na hata hivyo ulikuwa tayari kuwaingiza watu kumi na wawili uani kwake bila kumwambia. Mimi angalau nilikuwa na pancha mbili na saa nane iliyogonga. Wewe ulikuwa na muda wote duniani.

Na usiniambie ni Festo. Festo atakuwepo kila ofisi utakayofanya kazi, amebadili soksi tu. Kuna siku atakuambia, "Hakuna nyumba karibu?" na wewe utakuwa na wageni wamenuna, na meli huko mbele, na utajua nyumba. Nimefikiri miaka sita ningemjibu nini. Nadhani ningesema, wageni wakae hapa uani, nitawachemshia mahindi mabichi, wakasirike. Watu waliokasirika wanalala na asubuhi wanaondoka. Hilo ndilo jambo moja la kazi yako ninaloweza kukufundisha, na nimelipata kwa bei mbaya. Ratiba yako iwe na siku ambayo mwenyeji anaweza kusema hapana na wageni bado wakala chakula. Isipokuwa na siku hiyo, usiipeleke kwa mtu.

Kuhusu mimi na Bura, utashangaa nikikuambia hatujawahi kugombana. Afadhali tungegombana. Walipotolewa na wazee, wakafungua mlango kwa kila mtu, na watu wakaenda na maziwa na unga. Mimi nilikaa nyumbani nikisema nitakwenda kesho. Kanisani tunapeana amani kwa mkono kwa sababu padri ametuambia tupeane, anashika vidole vyangu na kuviachia. Msibani ananipisha nipite. "Shikamoo dada," "Marahaba," basi. Tangu siku ile sijasikia mtu yeyote wa nyumba ile akiniambia karibu. Nimejenga vyumba vinne vya ziada, nimepaka gesti rangi mara mbili, nimekusomesha, na jambo hilo moja la kutembea saa nzima kwa miguu limenishinda. Naogopa, Anjela. Mama yako ambaye jana alikuwa anapiga meza, anaogopa mwanamke anayechambua maharage.

Basi lako la Arusha linaondoka alfajiri na tiketi umeshakata. Usilipande. Panda la keshokutwa, umwambie Festo mama yako amekuzuia, na akichukia achukie. Kesho nenda Singe, na karatasi yako, na picha. Utampa Mama Theresia picha hiyo mkononi, umwambie iko wapi na wapi na nani wanaitazama, kwa sababu hana habari mpaka leo. Utawaeleza habari za meli yako kama unavyozieleza wateja, na kisha utawauliza kama wanataka. Wewe ni mpwa wao, utakaribishwa. Wakikataa, utafuta mbele ya macho yao, na ile ya kwenye kijitabu ukaitoe ukifika Dar hata kama itakugharimu hiyo miezi mitatu yako. Wakikubali, hayo ni mapatano yenu. Nitawapikia wageni wako na sitafungua mdomo.

Jambo moja nakukataza kabisa: usiniombee msamaha. Ukijaribu nitajua. Neno hilo ni langu, lina umri wa miaka sita, halibebwi na mtoto kwenye mkoba pamoja na ratiba.

Nitakusindikiza. Nitatembea nawe mpaka panapoanzia njia ya kwao, na hapo nitasimama barabarani, mahali wanapoweza kuniona wakiwa mlangoni. Hata likiwa jua kali nitasimama. Sitavuka tena bila kuitwa. Wewe ingia, zungumza mambo yako, usigeuke nyuma kunitazama.

Wakiniita, nitasikia.

Mama yako,
ambaye bado nimekukasirikia.